Dozi Niliyoimaliza Mimi

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kubonyeza matumbo ya watoto wa watu. Nilikuwa msaidizi wa watafiti wa malaria huku bondeni. Kazi niliipata kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na baiskeli yangu mwenyewe. Kijiji cha Namawala tulikwenda mara nyingi kiasi kwamba mbwa wa pale waliacha kutubwekea. Mtoto analazwa kwenye mkeka, anakunja magoti, mimi naweka vidole chini ya mbavu zake za kushoto na kumwambia, "Vuta pumzi." Kama bandama imevimba, inashuka na pumzi na kugusa ncha za vidole vyangu. Nilipima kwa vidole: kimoja, viwili, vitatu. Mwenzangu anaandika. Siku hizo bandama kubwa kwa mtu wa bonde la Kilombero ilikuwa na maana moja tu, malaria iliyokaa mwilini muda mrefu.

Baada ya kubonyeza tulitoa vidonge, na baada ya vidonge mimi nilitoa neno. Neno lilikuwa "maliza dozi". Nililisema kwenye milango ya watu, kisimani, kanisani baada ya ibada, hata kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikipiga kelele ili nisikike juu ya injini. Watoto wakiiona baiskeli yangu walikuwa wanaimba, "Maliza Dozi huyoo!" Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba nilipenda.

Kuna mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake pembeni ya kijiji. Nilimpa vidonge vya siku tatu. Siku ya nne nikaenda kumwangalia.

"Shikamoo mzee. Dozi umemaliza?"

"Imekwisha."

"Vyote umekunywa?"

"Vya siku ya kwanza nilikunywa mimi, nikapona. Vilivyobaki amekunywa ndama."

"Ndama?"

"Naye alikuwa na homa, mwanangu. Ungemwona ungemhurumia. Wabeja sana, nashukuru, naye amepona."

Nilimgombeza pale pale, mtu aliyenizidi umri kwa miaka mingi, nikamwambia dozi ni kitu kinachoanza na kinachokwisha, na anayekiacha katikati anajiua mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa maziwa. Kisa hicho nilikisimulia miaka yote katika harusi na hata katika matanga, na watu walicheka. Mke wangu alikuwa amekisikia mara nyingi hadi akawa ananimalizia yeye. Nikifika kwenye ndama, yeye anadakia kutoka jikoni, "Naye amepona!"

Siku hizi sikisimulii.

Nilipostaafu tulihamia Ifakara mjini, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma tuliyoijenga taratibu, lakini shamba letu la mpunga liliendelea kuwa huko huko njia ya Namawala. Watoto wameoa na kuolewa, wako mbali. Tulikuwa wawili tu. Mke wangu alikuwa mwanamke mweusi wa kung'aa, mwenye maneno machache. Kwa habari ya ugonjwa wowote alikuwa akisema, "Ngoja nimuulize baba." Baba ndiye mimi. Majirani nao walikuwa hivyo hivyo. Mtoto akipata homa wanamleta kwangu kwanza, ndipo zahanati. Mtu akiaminiwa hivyo miaka mingi, anaanza kuamini kwamba anajua.

Alianza kulalamika wakati wa kupandikiza mpunga. Alisema amechoka. Nikamwambia nani hachoki. Halafu akaanza kuacha chakula. Anakula matonge matatu anasukuma sahani.

"Wali haujaiva?" nilimuuliza.

"Umeiva. Tumbo limejaa tu, sijui limejaa nini."

Nikamlaza kitandani mchana kweupe, nikamwambia akunje magoti. Akacheka. "Leo mimi ndiye mtoto wa Namawala?" Nikaweka vidole chini ya mbavu za kushoto. "Vuta pumzi." Sikuhitaji hata hiyo pumzi. Bandama ilikuwa inanisubiri, ngumu, vidole vinne chini ya mbavu.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwa kuwa nilijua ni nini. "Malaria ya siku nyingi," nikamwambia. "Imejificha." Nikampeleka zahanati akapimwa, kipimo kikaonyesha mstari mmoja, maana yake hana malaria. Nikamwambia nesi kipimo kimekosea. Nikanunua dawa ya mseto dukani, nikamsimamia mpaka akamaliza dozi. Baada ya wiki mbili nikampa tena. Baada ya hapo nikampa mara ya tatu. Mpunga ulikuwa umeshachanua nilipokubali kumpeleka hospitali, na wakati huo alikuwa anatembea ameshika ubavu kama mjamzito.

Hospitali ya Ifakara waliangalia damu yake kwa darubini, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Huko walimchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho. Alinishika mkono, hakutoa sauti, ila kucha zake ziliniachia alama zilizokaa siku tatu.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, angeweza kuwa binti yetu wa mwisho. Alitusalimia shikamoo kwanza, ndipo akakaa.

"Mama, damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho," alisema. "Uboho wako umepata saratani. Unatengeneza chembe nyeupe nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Ndiyo maana bandama imevimba."

Mke wangu hakuuliza kama atakufa. Aliuliza, "Dawa ipo?"

"Ipo, tena nzuri. Ni kidonge, kila siku, baada ya kula, na maji mengi. Mama unalima nini?"

"Mpunga."

"Ndege mnawafukuzaje?"

Mke wangu akanitazama, akashangaa kuulizwa jambo la shamba mle ndani. "Tunaamia. Kuanzia asubuhi mpaka jua lizame."

"Siku moja ukisema leo nimechoka, napumzika?"

"Ah!" Akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. "Utakuta mabua, mwanangu."

"Basi dawa hii ndiyo kuamia kwenyewe. Ndege hawajafa, wako kwenye miti wanakuangalia. Siku ukiacha, wanashuka. Tumeelewana, mama? Mzee, tumeelewana?"

"Tumeelewana," nilijibu mimi, kwa sauti ya mtu wa kazi hiyo.

Nimeurudia mfano ule kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Ulikuwa mfano mzuri na daktari hakukosea. Lakini alimpa mkulima wa mpunga, na mkulima wa mpunga anajua jambo moja ambalo mtu wa mjini hawezi kulifikiria: kuamia kuna mwisho. Unaamia wiki kadhaa, unakonda, unaungua jua, unapiga kelele mpaka koo linakauka, halafu unavuna. Baada ya kuvuna, ndege waje wasije, hilo si jambo lako. Yeye alisema "kila siku". Mimi nikasikia "mpaka mavuno".

Dawa ilifanya kazi kwa namna ambayo sikuwahi kuiona katika kazi yangu yote. Mwezi wa pili wa dawa nilipima, vidole viwili. Mwezi wa nne nilibonyeza, nikabonyeza tena, hakuna kitu. Alianza kumaliza sahani. Kila baada ya muda tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, wanampima damu, wanampa kopo jingine, tunarudi. Safari ilikuwa inamuumiza miguu, na dawa ilikuwa inamkaza misuli ya vidole mpaka ananiita nimnyooshe. Macho yalimvimba asubuhi. Hayo yote aliyavumilia.

Asilolivumilia ni rangi. Dawa ile ilimfanya awe mweupe. Ilianza usoni, ikashuka shingoni, mpaka mikono ikawa rangi ya chai ya maziwa. Daktari alisema si hatari, kwa watu weusi hutokea. Lakini daktari hakai mtaani kwetu. Jirani yetu, anayeimba naye kwaya, alimwambia mbele yangu pale uani, wakipepeta mchele:

"Mwenzangu, hebu nitajie huo mkorogo. Uzee wote huu, bado unajichubua?"

"Ni dawa ya hospitali."

"Dawa ya hospitali!" Jirani akaweka ungo chini ili acheke vizuri. "Mzee Maliza Dozi, unasikia? Mkeo anasema mkorogo unatolewa hospitali siku hizi. Nasi tuandikie barua twende."

Mke wangu alicheka naye. Lakini Jumapili iliyofuata hakwenda kwaya, na ile ya pili hakwenda. Akaanza kuvaa mikono mirefu kwenye joto la Ifakara.

Mwaka ulipita na kitu. Ukafika wakati wa mavuno, na safari ya Dar es Salaam ikaangukia wiki ile ile ya kukata mpunga. Kopo lilikuwa na vidonge vya siku chache. Tulikuwa tumekaa barazani asubuhi baada ya uji, kidonge kiko kwenye kiganja chake, kimekaa pale kwenye ile rangi asiyoipenda.

"Baba," aliniuliza, "hii dozi inaisha lini?"

Ningeweza kumwambia, "Haiishi." Ningeweza kumwambia, "Ngoja tukamuulize daktari." Nambari ya kliniki ilikuwa ndani ya simu yangu, na simu ilikuwa mfukoni. Badala yake nikamwambia aingie ndani alale kitandani. Nikaweka vidole chini ya mbavu. "Vuta pumzi." Hakuna kitu. Majibu ya damu ya safari iliyopita yalikuwa mazuri, niliyasoma mwenyewe. Nikapiga hesabu kama mtaalamu: malaria siku tatu, kifua kikuu miezi sita, hii imepita mwaka. Nikaona aibu kidogo kwamba nilikuwa sijaliona mapema.

"Mama," nikamwambia, "vilivyobaki kwenye kopo kunywa vyote, usiache hata kimoja. Vikiisha, umemaliza dozi. Tumeshavuna."

Akainuka, akaketi kitandani. "Yule binti alisema kila siku."

"Madaktari lazima waseme hivyo. Wanaogopa watu wataacha katikati. Sisi hatuachi katikati. Tunamaliza."

Basi akanyanyua mikono yote miwili, akapiga kigelegele kimoja, pale pale kitandani, mwanamke asiyependa kelele. Siku aliyomeza kidonge cha mwisho alipika kambale wa nazi na wali wa mpunga mpya, tukamwita na jirani. Jirani aliuliza sherehe ya nini, mke wangu akasema, "Nimemaliza dozi." Mimi nilikisimulia kisa cha ndama. Aliyecheka zaidi ni yeye. "Naye amepona!"

Weusi wake ulirudi polepole, ukianzia kwenye vidole. Alikuwa ananionyesha kila asubuhi. "Ona, nimefika kwenye kiwiko." Alirudi kwaya. Kliniki walipiga simu mara mbili kuuliza kwa nini hatujafika, nikawaambia mgonjwa yuko shamba, anaendelea vizuri sana. Na kweli alikuwa shamba, na kweli alikuwa anaendelea vizuri.

Ilikuwa wakati wa kupandikiza tena alipoanza kuvuja jasho. Safari hii hakusema kitu kwa wiki kadhaa, na mimi sikuuliza. Siku moja niliona amesukuma sahani. Sikumwambia alale. Alijilaza mwenyewe, akakunja magoti, akavuta pumzi kabla sijamwambia. Sikuwa na haja ya kuhesabu. Bandama ilikuwa imefika karibu na kitovu.

Yule yule daktari alitupokea. Alipokea majibu, akayasoma, akayageuza upande wa pili ambao haukuwa na maandishi, akayasoma tena. Alisema ugonjwa umebadilika. Zile chembe sasa zinatoka zikiwa changa kabisa, nyingi, na dawa ya zamani huenda isizishike tena. Ataiongeza, na atatafuta nyingine, lakini anataka tujue ukweli.

Halafu akauliza, na hakuwa mkali, alikuwa kama mtu aliyechoka: "Nani alisimamisha dawa?"

Nilikuwa nimekaa nimeweka kofia magotini. Nakumbuka nilifungua mdomo. Naamini kabisa nilikuwa nataka kusema.

"Mimi," alisema mke wangu. "Nilichoka na ule weupe, daktari. Watu walinicheka."

"Mama, jamani. Si nilikwambia? Si tuliongea habari ya ndege?"

"Ulinambia, mwanangu. Ni ujinga wangu."

Daktari akamgombeza kidogo, kwa upole, kama nilivyomgombeza yule mzee wa ng'ombe. Akanigeukia mimi. "Na wewe mzee, nimeambiwa ulikuwa mtu wa afya. Ungemhimiza."

"Ni kweli," nikasema. "Ningemhimiza."

Maneno yangu yote siku ile ndiyo hayo. Ndani ya basi, tukipita Mikumi, nilimwambia, "Mama, kwa nini umesema vile?" Alikuwa anaangalia nje upande wa dirisha. Akajibu, "Wewe una jina." Hakuongeza, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia achukue jina lenyewe akalitupe.

Tulianza upya, kwa vidonge vingi zaidi. Kila asubuhi uji, kidonge, kikombe kikubwa cha maji, na mimi nimesimama pembeni. Sikukosa hata siku moja. Nilikuwa mwaminifu kama saa, wakati uaminifu haukuwa na kazi tena. Akawa mweupe mara ya pili, bandama isishuke. Fizi zikaanza kutoa damu. Akaongezewa damu Ifakara, ikamshika siku chache, akaongezewa tena. Dawa nyingine ambayo daktari aliitafuta ilipatikana, akaitumia, nayo haikuushika ugonjwa. Simu ya daktari ilipokuja mara ya mwisho, hakutaka kuongea na mgonjwa, aliomba aongee na mimi. Alisema tumpe dawa ya maumivu, na tukae naye karibu.

Hata hivyo niliendelea kumpa kidonge. Hakuna aliyeniambia niache, na mimi nilikuwa nimeapa kutosimamisha kitu tena.

Asubuhi moja nilimletea uji na kidonge. Alikunywa vijiko viwili vya uji. Nilipomnyooshea kidonge, alifunga kiganja changu kwa vidole vyake, kidonge kikiwa ndani.

"Baba," akasema. "Dozi imeisha."

Sikujua kama ananitania, au ananisamehe, au ananirudishia neno langu nilisikie lilivyo. Nilimtazama usoni, sikuona dalili ya hata moja kati ya hayo. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyetoka kuamia. Nilijua jibu linalotakiwa. Nililisema miaka mingi kwenye milango ya watu wengi. Badala yake nikakirudisha kidonge kwenye kopo, nikafunga kifuniko.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Imeisha."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kumwambia hivyo. Mara ya pili sikukosea. Alifariki siku ya nne, saa nane mchana, jirani akiwa anamloweshea midomo kwa pamba.

Baada ya mazishi watu walikaa uani. Jirani yule, macho mekundu kwa kulia, alikuja na chai akaketi karibu yangu. Yeye ndiye aliyemwosha, na alikuwa ameniomba msamaha kwa habari ya mkorogo mara nyingi mpaka nikamwomba aache. Akatikisa kichwa.

"Lakini angevumilia tu ule weupe, mama wa watu," akasema. "Ni rangi tu. Kumbe aliacha dawa kwa ajili ya rangi, aliniambia mwenyewe. Tungekuwa naye."

Binti yetu mkubwa alikuwa amesimama nyuma yetu na birika. Aliyasikia maneno yale, akanitazama mimi, akisubiri.

Nikasema, "Ndiyo. Angevumilia."

Mpaka leo binti yangu anaamini kwamba mama yake alijiua kwa ajili ya uzuri, na ndivyo alivyowaambia wadogo zake. Ana hasira naye, na hafiki kaburini. Nimejaribu kumwambia kwa simu mara tatu, nikaishia kuuliza habari za wajukuu. Kwa hiyo nimeandika. Karatasi hizi nitampa yeye kwanza.